Mpaka wa Nchi Upite Safu Gani ya Viti

Toulouse, Alhamisi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kiwanda,

YAH: MAHALI HASA INAPOISHIA UFARANSA NDANI YA NDEGE

Bwana Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakukuta umeshakula, maana mambo yake hayafai kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ni Raymond Escoubas, fundi wa banda la tatu. Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikiunganisha nusu ya mbele ya ndege, inayotengenezwa kwetu, na nusu ya nyuma, inayoletwa kutoka Hamburg. Kwa heshima zote nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ndege mpya ikiruka, mtangazaji wa Paris husema "ndege yetu". Siku hiyohiyo mtangazaji wa Berlin naye husema "ndege yetu". Wahispania walitengeneza mkia, basi nao hushangilia. Waingereza walitengeneza mabawa, na husema kwamba bila wao tungekuwa tumeunda basi refu. Mwenye mali hajulikani.

2. Jambo hili limeingia nyumbani kwangu. Binti yangu wa pekee, Maylis, ameolewa na Henning Brodersen, fundi wa Hamburg, anayetengeneza hizo nusu za nyuma. Walipokuja mwezi uliopita, tukiwa mezani kwenye maharage na nyama ya bata, Henning alisema, "Baba, nyie mmetengeneza usukani tu. Abiria wengi wanakaa kwetu." Nikamjibu, "Wanakaa kwenu kwa sababu tiketi za huko ni rahisi." Maylis, mwenye mimba ya miezi minane, akaweka uma chini. "Mkimaliza kugawana ndege, mtahamia kwa mtoto, sio? Baba, akizaliwa usije Hamburg mpaka hayo maneno yakuishe." Wakaondoka kabla ya jibini, ambayo kwetu ndiyo hufunga mlo. Sijawahi kuona mtu akiondoka nyumbani kwangu kabla ya jibini, na sikulala vizuri juma zima.

3. Nikaona dawa ni ushahidi. Jumatatu niliingia ndani ya ndege tuliyokuwa tumeiunganisha, nikachora mstari wa chaki kuuzunguka mwili wote, mahali nchi zinapokutana. Nakiri nilisahau jambo ambalo hata mwanagenzi wa siku moja analijua: humu kiwandani alama yoyote juu ya bati maana yake ni kasoro. Wakaguzi walipoona alama inayozunguka ndege nzima, walisimamisha kazi siku mbili wakitafuta ufa. Bibi Sylvaine, mkuu wao, aliniuliza mbele ya watu, "Escoubas, umechanganyikiwa au umestaafu bila kutuaga?" Nimepewa barua ya onyo. Onyo nalikubali. Lakini hakuna aliyesema mstari ulikosewa, hata kwa milimita moja.

4. Kwa hiyo naomba mstari huo uchorwe kwa rangi ya kudumu, kati ya safu ya ishirini na tatu na ya ishirini na nne. Abiria wa mbele wapewe jibini, wa nyuma wapewe samaki wa siki. Anayekwenda choo cha nyuma aoneshe pasipoti, na akikawia sana aombe kibali cha ukaazi. Na kwa kuwa Waingereza walishatoka kwenye Umoja wa Ulaya, anayetokea mlango wa dharura juu ya bawa ahesabiwe amekwenda ng'ambo.

5. Mwisho, naomba Idara ya Sheria inithibitishie kwa maandishi kwamba uraia hufuata mahali kazi ilipokamilishwa. Ndege hukamilishwa Toulouse, kwa hiyo ni Mfaransa. Nikiwa na karatasi hiyo nitamfundisha Henning adabu. (Mtoto atakamilishwa Hamburg. Hilo nimeliona baada ya kuandika, na naomba lisitumike dhidi yangu.)

Naamini utalitazama ombi langu kwa jicho la Mfaransa mwenzangu. Nisalimie akina mama wa kantini, vijana wa kupaka rangi, dereva wa winchi, na hata Bibi Sylvaine.

Wako mtiifu kazini,
Raymond Escoubas

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha Maylis alipopiga simu. Amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Akasema, "Baba, yaishe. Njoo." Kwa hiyo naomba likizo ya siku kumi kuanzia kesho, na kuhusu mstari fanyeni mnavyoona. Mtoto anashikwa kutwa na mama yake Henning, ambaye hajui neno la Kifaransa. Kama ofisini kwako yupo Mjerumani yeyote, namwomba sana aniandikie kwa herufi kubwa, nisome bila miwani, jinsi ya kusema: "Mama, naomba nimpakate kidogo."