Mkwe Alivyoyateka Macho ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyewasha redio aizime, kwani nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni Jumanne moja alasiri, vita ambavyo damu haikumwagika ila chai kidogo. Wafalme wamesifiwa kwa kuteka miji. Mimi namsifu mwanamume aliyeteka macho ya mama mkwe wake yakiwa wazi.

Shujaa huyu, Simba wa Mkanda, alikuwa mpiga picha mwenye kamera ya kale ya filamu, sanduku zito kama tofali, lenye lenzi mbili zilizopandana: ya juu ya kutazamia, ya chini ndiyo ipigayo. Wenye simu walimcheka. Aliwajibu kuwa simu hupiga picha elfu ambazo hakuna anayezitazama tena, ilhali mkanda wake wa nyeusi na nyeupe una picha kumi na mbili tu, na kila moja hupigwa kwa adabu.

Na mama mkwe, hiyo ndiyo ngome. Tangu ujana wake hakuwahi kutoka pichani akiwa macho. Harusini alifumba. Kwenye kitambulisho alifumba mara tatu, hata karani akachoka akampitisha. Sasa, akiwa na miaka sabini na minne, alimwambia bintiye neno lililomnyima usingizi: "Nikifa mtatundika picha gani? Nataka wajukuu wajue nilikuwa na macho, si kope tu."

Binti akamwambia mumewe, na mume akala kiapo.

Basi akamketisha mama dirishani, akapima mwanga, akainamia kamera iliyoning'inia tumboni, akanena: "Ewe Mama, uliyenilelea mke, uliyenipa heshima nisiyoistahili, nakusihi usogee kushoto kidogo, nuru ipate kukuvika taji."

Mama akasogea. Lakini kioo cha kamera ile hugeuza kushoto kuwa kulia, na shujaa, kwa joto la vita, alisahau.

"Kushoto zaidi, Mama."

"Baba, zaidi ya hapa ni ukuta."

Akafyatua. Kacha. Mama akafumba. Akafyatua ya pili, akafumba. Akaahidi kuhesabu hadi tatu, akafyatua kwenye mbili, naye mama alikwisha kufumba kwenye moja. Ya nane akajifanya anaondoka, akageuka ghafla kwa hila za kivita; kope zilimtangulia. Na kwa kuwa mama mkwe haambiwi "fumbua," maana adabu ni adabu hata vitani, ilimbidi azihutubie kope zenyewe.

"Enyi kope," akasema kwa uchungu, "mwenye nyumba yu macho, nanyi mabawabu mwafunga mlango mgeni angali kizingitini. Hamna haya?"

"Zinakusikia, baba," akajibu mama. "Ila ni kaidi, hata mimi hazinisikilizi."

Picha ya kumi na moja ilipolia, kope hazikushuka. Shujaa akanyoosha mkono juu, akaanza hotuba ya ushindi, akiitaja subira, akiwataja mababu. Mama alikuwa akiikodolea macho kamera.

"Samahani, baba, mimi si fundi. Hicho kidude cheusi kwenye jicho la chini ni cha kazi gani?"

Kilikuwa kifuniko. Jicho la juu liliona vita vyote. La chini halikuona chochote. Simba wa Mkanda akaketi sakafuni, na machozi yalikuwa karibu.

"Nimekusumbua bure, Mama. Nimezisuta kope zako mara kumi na moja, kumbe aliyefumba ni mimi."

Mama akacheka hadi akashika dirisha. "Kumbe tuko wawili," akasema. "Hebu kitoe, nilione hilo jicho likiwa wazi."

Akakitoa. Ilibaki picha moja. Mama akainama kidogo kulitazama jicho la chini, kicheko kingalipo mdomoni, na shujaa akafyatua bila kusema neno.

Kama alifumba, hakuna aliyejua. Mkanda ulisafishwa bafuni, dirisha limezibwa kwa blanketi, binti akilinda mlango. Kumi na moja zikatoka tupu. Kesho yake ile ya kumi na mbili ikalazwa kwenye dawa, na juu ya karatasi nyeupe zikapanda nywele, kisha meno, kisha macho mawili, wazi kabisa.

Mama aliishika kwa muda mrefu. "Kwenye kioo huwa natazama kitambaa cha kichwani tu kama kimekaa sawa," akasema polepole. "Haya ni macho ya mama yangu. Sikujua ameniachia."

Basi na iandikwe, na wajukuu wa wajukuu waisome: ya kwamba Jumanne ile, saa tisa na dakika ishirini, katika nyumba ile, mkwe aliondoa kifuniko.