Bega la Khoa

Alhamisi, 14 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamwuliza umechoka kiasi gani. Akasema nisipande ngazi, na nisianze kusoma kitabu kirefu. Naona amejibu.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kumaliza. La kwanza, picha ya madhabahuni. Marehemu mke wangu Lieu yuko pale juu ya kabati la mababu, huu mwaka wa kumi na moja, anacheka. Wageni husema hawajaona marehemu mwenye furaha vile. Mimi nina picha mbili tu. Ya kitambulisho, ambamo nafanana na mtu aliyeitwa polisi, na ya kustaafu ualimu, ambamo nimefumba macho. Siwezi kukaa ubavuni mwa mke anayecheka nikiwa nimefumba macho milele. Studio ya sokoni siendi. Jirani yetu Bi Nga alipokufa, pichani walimvalisha koti la mwanamume na shingo ya mtu nisiyemjua.

La pili, kuungama. Picha ya Lieu niliikata kutoka picha ya harusi ya mpwa wangu. Ubavuni mwake alisimama Khoa, fundi cherehani wa mlango unaotazamana na wangu, akimnong'oneza jambo. Nilimkata Khoa kwa mkasi. Ni wivu, naandika wazi. Bega lake la kulia halikukatika, limebanana na shavu la Lieu. Nikaliacha. Tangu hapo tunafukiza ubani mbele ya bega la mtu aliye hai, jambo ambalo hata mtoto wa mtaa huu anajua halifanywi, maana ni kumwita aende kwa wafu. Mwaka uleule bega la kulia la Khoa likakakamaa. Akaacha kushona. Nacheza naye sataranji kila jioni na sijamwambia.

Nitamwambia. Kwanza picha.

Ijumaa, 15 Machi

Bahati. Ghorofani kwa jirani amepanga mgeni, Bi Odile, Mbelgiji. Anapiga picha maisha ya kila siku ya mji wetu wa kale. Kamera yake ina jicho kubwa kama bakuli.

Saa moja asubuhi nimekaa mlangoni na suti nyeusi, tai, mgongo wima, kidevu juu. Nimekaa hivyo saa mbili nzima. Akapita, akaniinamia kwa heshima, akavuka barabara, akampiga Khoa picha kumi na moja. Khoa alikuwa na fulana yenye tundu, anakata kucha za miguu.

Baadaye Khoa akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi mtoni kama nilikuwa nasubiri gari la maiti.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeelewa kosa. Mgeni anataka kazi, si mikao. Leo nimetoka na suti ileile, ila na ufagio. Nimefagia mbele ya mlango, ukuta hadi ukuta, kwa mwendo wa taratibu, uso nikiugeuzia kwenye mwanga.

Bi Odile akaja. Akachuchumaa. Akapiga. Nikakaza macho yasifumbe.

Alikuwa anapiga ufagio. Ufagio na paka wa Khoa.

Khoa akaniambia, Mwalimu, ukimaliza hapo vaa kanzu ya mfalme uje unioshee choo. Nimemfunga sataranji mara mbili jioni. Hakuna aliyepiga picha.

Jumapili, 17 Machi

Mpango wa tatu: tumbo. Nimemwalika Bi Odile kula. Mkwe wangu Diep ametengeneza cao lau, tambi nene za mji wetu, nyama nyembamba, majani mengi. Nilizungumza Kifaransa nilichofundisha miaka thelathini na minne. Bi Odile akasema hajawahi kumsikia mtu aliye hai akikisema namna hiyo. Nimeichukua kuwa sifa.

Nikaomba picha. Akakataa kwa upole. Hapigi watu waliojiandaa, akasema. Huwasubiri wajisahau. Nikamwambia daktari hajanipa muda wa kujisahau.

Kisha akaiona madhabahu. Akaisifu sana picha ya Lieu. Halafu, kwa jicho lake hilo la kazi, akauliza lile bega ni la nani.

Miaka kumi na moja hakuna aliyeuliza. Nikasema ni pazia. Diep akatazama picha, akanitazama mimi, akasema, Baba, pazia gani lina mkono wa shati?

Nikasema nina kizunguzungu. Nikapelekwa kitandani.

Jumanne, 19 Machi

Jana nilipanda ngazi kutafuta tai nyingine. Nikafika ya nne. Kifua kikanibana kama mlango wa kabati lililovimba kwa mafuriko. Nikakaa pale nikisubiri, nikajua naogopa jambo moja tu, kufa na bega la Khoa mikononi mwangu.

Leo asubuhi nikavuka barabara bila suti. Nimevaa nguo za kulalia na ndara za Diep. Khoa alikuwa kwenye kigoda chake anakunywa kahawa. Nikakaa kigoda cha pili, nikamweleza yote: picha, mkasi, ubani, bega.

Akamaliza kahawa kwanza. Kisha akasema anajua. Alijua tangu kumbukumbu ya kwanza ya kifo cha Lieu, alipokuja kuwasha ubani. Ule mshono wa begani ni wake, alisema, shati lile alijishonea mwenyewe, angeutambua hata gizani. Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akasema alidhani nimemwacha pale kwa wema, maana Lieu alikuwa kama dada yake. Kila mwaka alirudi nyumbani anajisikia vizuri.

Nimefundishwa wema na fundi cherehani. Mimi, mwalimu.

Nikauliza na kukakamaa kwake je. Akacheka. Akasema, kaka, nimekata vitambaa miaka hamsini, ulidhani bega limeharibiwa na ubani au na kazi? Hili la kushoto ndilo zima, akalipiga kofi, nalitunza.

Basi nikauliza lile ambalo limenila miaka yote. Siku ya harusi alimnong'oneza nini Lieu hadi akacheka vile.

Akasema alimwambia hivi: usigeuke, mumeo amekalia sinia la vitumbua vya wali na sasa anasimama kutoa hotuba.

Nilitoa hotuba ya dakika arobaini siku ile. Kuhusu heshima. Nakumbuka watu walivyokuwa wamenyamaza kwa makini nilipogeuka.

Kwa hiyo alikuwa akinicheka mimi. Miaka yote hii, mimi. Nikaanza kucheka, Khoa naye, nikamwegemea nisianguke, hewa hakuna, machozi hadi shingoni. Sauti ya kamera niliisikia kwa mbali. Sikujali.

Jumatano, 20 Machi

Bi Odile ameniletea picha, kubwa, kwenye karatasi nzuri. Anaondoka kesho.

Ni mimi. Macho wazi. Nimecheka kama Lieu, meno yote sita. Khoa yuko kushoto, kichwa changu kiko begani mwake. Diep akaililia. Akasema, Baba, usiiguse, iwekwe hivihivi. Khoa akaitazama, akasema sasa amesamehe hata mkasi. Tumeshikana mikono. Moyo umekuwa mwepesi. Sina deni na mtu yeyote mtaani.

Alhamisi, 21 Machi

Madhabahuni hakuwezi kuwekwa mtu aliye hai. Hilo si wivu, ni desturi. Pia picha ya watu wawili haiingii kwenye fremu niliyo nayo. Pia Lieu angekuwa na wanaume wawili madhabahuni, na mmoja ana fulana yenye tundu.

Nikachukua mkasi.

Nimekata vizuri kuliko mara ile. Bega la kushoto la Khoa halikutoka, sikio langu limelala juu yake. Nikaliacha. Nikaiweka fremu karibu na ya Lieu, kupima tu. Tunapendeza. Nikaenda kunywa maji nikaisahau, na Diep akawasha ubani wa asubuhi bila kutazama. Alipoiona picha, kisha akaniona mlangoni nimesimama hai, akapiga yowe, akaitia picha kabatini. Ameniambia nimezeeka vibaya.

Jioni Khoa akaja kucheza sataranji. Alipotaka kusogeza farasi akasita, akakunja uso, akabadilisha mkono. Akasema ajabu, tangu asubuhi hili la kushoto nalo linavuta.

Nimemwambia ni unyevunyevu wa mto. Nimemfunga mara tatu.