Ng'ombe Aelekezwe Ofisini

Serikali ilimaliza hofu ya dini Jumatatu moja ya Julai, mwaka wa 2006, asubuhi, kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, mbele kidogo ya Kiminini. Aliyeimaliza ni Bwana Levi Wabwile, Afisa wa Tarafa, yaani D.O., akiwa ndani ya khaki zilizopigwa pasi mpaka zikaweza kusimama bila yeye.

"Wananchi," alitangaza, "kuanzia leo nyama haina dini. Nyama yoyote itakayopatikana na dini itachukuliwa hatua kali."

Watu walipiga makofi. Ukikaa kwenye mkutano wa D.O. bila kupiga makofi, askari huja kukuuliza unatoka wapi.

Tumtendee haki Wabwile: hofu ilikuwepo kweli. Mchungaji Rotich alikuwa amesimama sokoni na kipaza sauti, akaeleza kwamba Mkristo akila kwa muda mrefu nyama iliyochinjwa na Mwislamu, siku moja ataamka kichwa kimegeukia kibla bila yeye kujua, na baada ya hapo hana lake. Akina mama walirudi nyumbani wakageuza vitanda. Ijumaa iliyofuata Sheikh Abdishakur naye aliwaonya waumini msikitini kwamba kuna Wakristo wanaopaka mafuta ya nguruwe kwenye ndoano za buchari alfajiri, watu wakiwa bado kwenye swala. Aliyegeuzwa usingizini hakuonekana. Nguruwe hakuonekana. Lakini watu waliokuwa wakiazimana jembe na chumvi walianza kusalimiana kutoka ng'ambo ya barabara, na hilo lilikuwa jambo la kusikitisha hata kwa wale waliolianzisha.

Katikati ya hofu zote mbili alikaa Hamid, mchinjaji. Kwa miaka na miaka hapakuwa na harusi, matanga wala harambee ya Mkristo bila Hamid kuitwa akate shingo ya mnyama, ili mgeni yeyote atakayefika ale bila kuuliza. Ilikuwa desturi tu, na hakuna aliyewahi kuifikiria. Zaidi ya hayo, Hamid hakuwa mtu wa kuja. Alikuwa Mbukusu, baba yake na baba yake Wabwile wametoka tumbo moja. Ni vile babake Hamid alifanya kazi kwa wafanyabiashara wa Kitale akasilimu huko. Hamid na Wabwile walichunga ng'ombe pamoja na kuchapwa pamoja. Kila mchana Wabwile alikula nyama ya kuchemsha kwenye benchi la nyuma ya buchari ya binamu yake. Baada ya uvumi, kwa sababu za kiusalama, alianza kumtuma askari wake, Chesang, aibebe ndani ya kofia.

Wabwile alikuwa na shida moja moyoni. Alitaka kukumbukwa. Chifu hukumbukwa kwa ukali wake na mbunge kwa ahadi zake, lakini D.O. akihamishwa hata mbwa aliyemfuga humsahau kabla lori la mizigo halijafika lami. Hofu ya dini ilikuwa bahati yake. Akiimaliza, wakubwa wake wa Kitale watamsikia, watampandisha, na jina la Wabwile litabaki midomoni mwa watu wa sehemu hizi.

Basi akaunda Kamati ya Tarafa ya Uwianishaji wa Uchinjaji, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe, wadau wakiwa Mchungaji na Sheikh.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha matunda. Mchungaji Rotich alipendekeza kila ng'ombe agawanywe: sehemu ya mbele ichinjwe na Waislamu, ya nyuma ichinjwe na Wakristo. Wabwile aliona huu ni uwiano wa hali ya juu. Chesang, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinua mkono.

"Mkubwa, hii kitu ng'ombe iko na shingo moja tu."

"Hilo ni suala la utekelezaji," Wabwile akamjibu. "Hapa tuko kwa sera."

Wakaingia ajenda ya mwelekeo. Sheikh alitaka mnyama alazwe kuelekea kibla, yaani upande wa Kapenguria na kuendelea mbele, mbele sana. Mchungaji alisema kama ni hivyo basi wa kwake atamlaza aangalie Kisumu. Vidole vilianza kunyoshwa. Hapo ndipo Wabwile alipopata lile wazo ambalo hupatikana mara moja katika utumishi wa mtu.

"Ng'ombe aelekezwe ofisini kwangu," alisema. "Serikali haina dini."

Sheikh aliomba ruhusa akatoka nje. Alitazama jua. Alitazama bamba la machinjio kule bondeni, akatazama bati la ofisi ya D.O., akapima kwa mkono. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Waislamu wanakubali," alisema.

Mchungaji naye alikubali, kwa kuwa hakuwahi kusikia mtu aliyesilimu kwa kuangalia ofisi ya D.O.

Lililobaki lilikuwa uhakiki. Kila upande ulete mchinjaji wake, upande wa pili umpitishe, na mwenye mnyama naye ahakikiwe. Mpaka hapo, uchinjaji ulisimamishwa tarafa nzima, kuanzia fahali hadi kuku. Waislamu walimleta Hamid. Mchungaji alimkataa kwa sababu akichinja husema maneno. Wakristo walileta mtu wao kutoka Misikhu. Sheikh alimkataa kwa sababu akichinja hasemi chochote, na mtu mwenye kisu asiyesema chochote ni wa kuogopwa. Kamati ikaahirishwa, ikaitishwa, ikaahirishwa tena.

Tarafa ikaingia kwenye maharagwe. Watu walikula maharagwe asubuhi, wakala maharagwe jioni, na kwenye harusi bwana harusi alilishwa maharagwe kwa kijiko mbele ya kamera. Hamid alikaa mbele ya buchari tupu akinoa kisu kwa mazoea. Na kwa kuwa mkahawa wa mama mmoja aitwaye Khadijo ndio uliopika maharagwe yanayoshuka, wote walijikuta humo, Mkristo amebanana na Mwislamu kwenye benchi moja, na mazungumzo yalikuwa yale yale: huyu D.O. wazazi wake walimlisha nini? Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wakimtukana kwa umoja ambao haukuwahi kuonekana. Wabwile aliiarifu Kitale kwamba ushirikiano baina ya dini umeongezeka maradufu.

Halafu Agosti ikafika.

Agosti ya mwaka ule ilikuwa ya tohara, na Mukhisa, mwana wa Nakhumicha dadake Wabwile, alikuwa anatahiriwa. Kwa Wabukusu, siku moja kabla ya kisu kijana huenda kwa mjomba wake, khocha, akipiga njuga huku umati ukimwimbia. Khocha humchinjia fahali, akakata luliki, ile nyama ya kifuani, akamvika shingoni. Kijana hurudi kwao na luliki shingoni, kila mtu akaona kwamba ana wajomba. Akirudi na shingo tupu, ataimbwa mjomba. Ataimbwa mpaka afe, na akifa ataimbwa bado.

Wabwile alikuwa na fahali tayari, mweusi mwenye doa jeupe usoni, amefungwa nyuma ya nyumba. Kilichokosekana ni kibali cha kumchinja, na anayetoa kibali ni kamati, na kamati ni yeye na watu wawili ambao hawajawahi kukubaliana ila kuhusu mwelekeo.

Siku ilipofika, mchana umati uliingia uani kwake, vumbi hadi kwenye mabati, Mukhisa mbele ameloa jasho. Nakhumicha alipenya katikati, leso kiunoni.

"Levi, ng'ombe iko wapi?"

"Ipo, dada. Iko kwenye mchakato."

"Mchakato ni nyumba gani?"

"Kuna uhakiki kidogo. Ni maslahi ya usalama."

"Ati uhakiki," alisema Nakhumicha. "Huyu mtoto amecheza kutoka jana, miguu imevimba. Wewe ndio khocha. Si ya sirikali, si ya kanisa, si ya musikiti. Wewe."

Wabwile aliitisha kikao cha dharura pale pale uani, kwenye viti vya plastiki, umati ukiimba kuwazunguka. Mchungaji na Sheikh walikuja pamoja; walikuwa wametoka kwa Khadijo. Wabwile alitarajia dakika tano. Alisahau kwamba watu waliolishwa maharagwe kwa sababu ya kanuni huanza kuipenda sana hiyo kanuni.

"Bwana Mwenyekiti," alisema Mchungaji, "kabla ya mnyama tunahakiki mwenye mnyama. Ni kanuni yako. Nyama ya Hamid umekula kwa muda gani?"

"Tangu nihamishiwe hapa. Kama mwananchi wa kawaida."

"Na ukiamka, kichwa kinaangalia wapi?"

"Sijawahi kuchunguza."

"Kinaangalia Kapenguria, mkubwa," alisema Chesang. "Si mimi ndio niliingiza hiyo kitanda?"

Mchungaji alitikisa kichwa kwa huzuni. "Basi huyu ametutoka."

"Asiletwe kwetu," alisema Sheikh. "Juzi tu nilimpita amekaa kwa chungu cha pombe ya busaa, mrija mdomoni."

"Mrija?" aliuliza Mchungaji. "Basi kwangu ametoka mara mbili."

Wadau walinong'onezana kidogo, wakarudi na uamuzi. Dini ya mwenye mnyama haijulikani. Mnyama wa mtu asiyejulikana dini hawezi kuchinjwa na upande wowote. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa kamati kupitishwa bila pingamizi, na Wabwile, kama mwenyekiti, alijikuta ameinua mkono kuuunga kabla ya kufikiri.

Nakhumicha alisikiliza mpaka mwisho.

"Mumemaliza? Sasa niambie kitu moja, D.O. Hii sheria yako inafika wapi?"

"Inafika kijitoni. Ng'ambo ni Bungoma, mkoa mwingine kabisa."

"Asante," alisema dadake. Akaenda nyuma ya nyumba, akafungua kamba, akatoka na fahali.

Umati ulimfuata kwa wimbo. Hamid, aliyekuwa amesimama pembeni, alichukua kisu chake akafuata. Mchungaji na Sheikh walifuata kama waangalizi. Wabwile alikuja nyuma yao mbio hadi ukingoni mwa kijito, maji yasiyofika magotini, na hapo akasimama. Afisa haruhusiwi kutoka kituo chake bila idhini ya Kitale. Alipiga simu Kitale, haikuchukuliwa. Akainua kiatu.

"Mkubwa," alisema Chesang taratibu. "Mwaka jana mimi nilivuka hapa kununua tumbako. Unakumbuka vile ulinifanya?"

Wabwile alikumbuka. Akarudisha kiatu chini.

Ng'ambo, fahali aliangushwa. Hamid alimshika pembe akauliza aelekezwe wapi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata sheria hata mahali ambapo haifiki.

"Ofisi ya D.O.," alisema Mchungaji mwenyewe, akionyesha bati lililong'aa juu ya mteremko.

Sheikh alitazama jua, akatikisa kichwa kukubali. Hamid alitaja jina la Mungu, akakata, na Mchungaji Rotich akaitikia "Amina" kwa sauti kabla hajajizuia. Watu walimtazama. Akakohoa, akasema ni mazoea ya kazi. Sheikh Abdishakur alicheka mpaka kofia ikamdondoka majini, na Mchungaji ndiye aliyeifukuzia.

Luliki ilipokatwa Mukhisa alisimama, shingo wazi, akingoja. Wimbo ulipungua.

"Mimi ndiye khocha," Wabwile alipaza sauti kutoka ukingoni.

"Wewe ni D.O.," dadake alimjibu. "Khocha ni mtu anaweza kuvuka maji." Akamgeukia Hamid. "Babako na babetu tumbo moja. Mvalishe mtoto."

Hamid alimtazama binamu yake kule ng'ambo. Kisha akaifuta mikono, akaivika luliki shingoni mwa kijana, akamzaba kofi moja la mjomba na kumwambia asije akatikisika kesho. Njuga zikaanza upya. Wabwile aliona uchungu ambao katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kuuonea kifungu. Alitaka kulia, lakini alikuwa na kofia.

Hawakumnyima. Nyama ilipoiva Nakhumicha alimtumia fungu kwenye jani la mgomba, mbavu na mafuta yake. Aliyeileta alivuka, na alipokanyaga tarafa, Chesang alimsimamisha.

"Hii haijahakikiwa, mkubwa," alisema, akinusa. "Na iko na dini. Nimesikia mwenyewe ikiombewa na pande zote mbili."

"Chesang, nipe hiyo nyama."

"Ulisema ichukuliwe hatua kali."

Chesang aliichukulia hatua pale pale, amechuchumaa kwenye nyasi, mpaka uboho.

Kamati haikukutana tena. Hamid alifungua buchari kesho yake na watu wakapanga foleni bila kuulizana. Wanalala vichwa upande wowote. Wabwile alihamishwa baadaye, hakupandishwa, na mbwa wake alimsahau kabla ya lami.

Lakini alikumbukwa. Wabukusu huwapa watahiriwa wa mwaka jina la jambo kubwa lililotokea, na wazee wa hapa hawakukaa kikao. Ukimuuliza kijana yeyote wa Agosti ile, Mkristo au Mwislamu, alitahiriwa lini, atakwambia yeye ni wa Maharagwe ya Wabwile. Na ukiingia kwa Khadijo leo ukaagiza maharagwe, atakuangalia kwanza kwa huruma, kisha ataita jikoni:

"D.O. mmoja, bila supu."