Ini Langu la Pande Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki imeazima mashine ya kupiga picha ya ini. Wiki moja tu, bure. Mama watoto ananisukuma niende. Nimemwambia tumbo hili ni ghala la nguvu: kuna mwaka nilibeba kochi la watu watatu peke yangu, na wateja watatu wamelikalia. Akanikumbusha kaka yangu mkubwa, aliyeondoka kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka hamsini na moja. Mimi nina hamsini. Nikarudi karakana yangu ya makochi. Nimepiga pini kwenye makochi mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumanne, 5 Machi
Foleni. Nesi ana fomu: umri, kiuno, chakula, asili ya wazazi. Nikauliza asili inaingiaje kwenye ini. Akasema jamii nyingine hupata mafuta kwenye ini upesi kuliko nyingine, hata wakiwa wembamba. Ni damu, ni mapishi, ni maisha, vyote vimechanganyika. Akasema hapa kwetu watu wa ziwani wako hatarini zaidi, wa milimani kidogo.
Baba yangu wa ziwani, mama wa milimani. Mtu mwenye akili afanyeje? Nikajaza milimani, pande zote. Nani atamkataza soda mtu wa milimani? Nikaongeza babu aliyekimbizana na chui mpaka chui akaomba maji. Fomu haikuwa na nafasi ya babu. Nikamwandikia pembeni.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Mashine inaanza na walio hatarini. Sisi wa milimani huenda tusifikiwe. Na nani yumo kwenye orodha ya Ijumaa? Shemeji yangu kinyozi, tunayemwita Njiti, mtu anayeweza kujificha nyuma ya wembe wake. Mzaliwa wa ziwani, baba na mama. Akanipungia mkono kama bwana harusi.
Nikaomba fomu mpya. Nikahamia ziwani, ukoo mzima. Nesi akasema, mzee, jana umeshuka mlimani, leo tayari umevua samaki? Akazibana fomu zote mbili pamoja, akaniambia niende nikakumbuke wazazi wangu.
Karakana nimekata kitambaa cha kochi la mwalimu mmoja kichwa chini. Maua yote yanatazama sakafu. Kichwani kaka tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama watoto kaenda kliniki bila kuniaga. Kasema yote: nusu kwa nusu, soda nne kwa siku, na habari ya kaka. Nesi kasema hilo la kaka lingetajwa siku ya kwanza ningekuwa nimeshapimwa. Nimepewa namba ya kesho. Nilimwambia ameniharibia mpango. Hakucheka. Macho yake mekundu. Nikanywa chai bila kuomba sukari, mara moja tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala chali, tumbo limepakwa kitu cha baridi. Daktari akasogeza kifaa. Akakirudisha palepale. Nikaanza kumwona kaka darini, na shati lake la kaki.
Mafuta yapo, akasema, lakini kidogo, na ini halina kovu. Nikiacha soda na vya kukaanga, nikitembea kila siku, linaweza kurudi sawa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nje mama watoto alikuwa amekumbatia viatu vyangu, kimoja kimegeuka.
Njiti ini lake limejaa kuliko langu. Mtu mwenye kiuno cha ufagio! Alikaa kwenye benchi. Nikakaa naye. Nikamwambia daktari kasema na lake linatibika, tutatembea wote.

Jumamosi, 9 Machi
Tumetembea na Njiti asubuhi. Njiani nimeligundua jambo ambalo daktari hakuliona: upande wa baba ulileta mafuta, upande wa mama ukayazuia mlangoni. Kwa hiyo nusu yangu ya ziwani nitaibana kabisa. Nusu ya milimani haina kosa, kuiadhibu ni dhuluma.
Nimemfafanulia Njiti tukiwa kwenye kibanda cha chipsi. Yeye maskini hana nusu nyingine, akanywa maji. Mimi nikanywa soda, nusu chupa, fungu la upande wa mama.
Ile nusu iliyobaki ikakaa mezani haina mwenyewe. Nikaimalizia kwa niaba ya babu.