Mpatanishi Asiye na Matusi

Jumatatu, 7 Juni

Randa haniongeleshi. Leo siku nzima. Tuko karakana moja, yeye anatengeneza fremu za makochi, mimi nazivalisha sponji na kitambaa. Kati ya benchi lake na meza yangu mtu akilala na kunyoosha miguu anagusa pande zote mbili. Hata hivyo haniongeleshi.

Chanzo ni kidogo. Juzi Mama wa Duka la Dawa alikuja kuagiza kochi la watu watatu. Akauliza fundi ni nani. Nikamwambia fundi anamwona, kuanzia ubao wa kwanza mpaka kifungo cha mwisho. Akauliza, na yule pale nyuma je? Nikasema yule hunishikia mbao. Sasa huo ni uongo? Mbao anazishika. Atazipigaje randa bila kuzishika?

Kilichoniuma zaidi nimekipata kwa muuza chai. Mwenye Vioo, yule wa duka la fanicha ng'ambo ya barabara, mwenye mlango wa kioo na majivuno ya kioo, anamtaka Randa ahamie kwake. Jumamosi atatuma mkokoteni kubeba vifaa vyake. Randa hajakubali, hajakataa. Bila Randa mimi ni mtu mwenye sponji nyingi na mahali pa kuziweka hana.

Njia rahisi ni kumwomba radhi. Nimeikataa. Mtu aliyewahi kufanya kazi melini, akaoneshwa dunia na ikamwona, haombi radhi kwa ajili ya mbao.

Jumanne, 8 Juni

Nimepata dawa. Binti yangu aliniwekea kwenye simu programu ya akili bandia, ile unayoiongelesha inakujibu kama karani aliyelala vizuri. Yeye huiuliza hesabu za shule. Mimi naiuliza mambo ya wakubwa. Nikaieleza kisa chote, nikipunguza pale palipohitaji kupunguzwa. Ikasema pole. Ikasema inaelekea urafiki huu una thamani kubwa kwangu. Halafu ikauliza kama nimefikiria kumwomba msamaha mwenyewe, ana kwa ana. Nikaiambia hilo sikuliuliza.

Mpango ni huu. Simu inakaa juu ya stuli, katikati yetu. Mwenye neno anaichukua, anatoka nayo nje, anasema lake, anairudisha. Simu inamfikishia mwenzake. Hakuna aliyemwongelesha mwingine, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Na nimeipa masharti: iondoe ukali wote, iondoe matusi, ifupishe, ibakize yale tu yanayojenga upendo. Maana namjua Randa. Mdomo wake unang'oa misumari. Wangu pia, sifichi. Tangu tujuane hatujawahi kusalimiana bila mmoja kumwita mwenzake mnyama fulani.

Nikajaribu. Nikatoka nje nikasema: mwambie huyo kisiki alete fremu ya mgongo kabla sijaota mvi. Nikairudisha. Ikamwambia Randa kwamba mwenzake anathamini sana mchango wake na atafurahi kupokea fremu ya mgongo kwa wakati atakaoona unafaa.

Randa akaacha kazi. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu. Kisha akaleta fremu. Kwa mikono miwili, kama anayempa mkwe wake.

Nimeshinda, na saa nne haijafika.

Jumatano, 9 Juni

Mambo yanakwenda kama maji. Randa naye ameanza kuitumia. Asubuhi alitoka nayo, nikamwona dirishani akirusha mikono. Aliporudi simu ikanieleza kwamba mwenzangu ananitakia afya njema na anatambua kipaji changu. Kumbe mtu huyu ananipenda kiasi hicho, na muda wote alikuwa akiniita mbuzi wa kukodi.

Muuza chai analalamika. Anasema karakana imekuwa kimya kama kwa daktari wa meno. Wale wazee waliokuwa wakija kukaa kwenye benchi la nje, wakinywa chai na kusikiliza tukitukanana, wamehamia kwa fundi viatu. Nikamwambia huu ndio ustaarabu, aliupata wapi yeye. Akasema ustaarabu wangu umemwachia birika zima.

Jioni Randa alikuwa akivipaka mafuta vifaa vyake. Patasi, msumeno, na ile randa iliyompa jina. Kimoja kimoja, akivifungia kwenye gunia safi. Nikaiuliza simu maana yake nini. Ikasema haiwezi kujua yaliyo moyoni mwa mtu, na njia nzuri ni kumuuliza, maana nimesema yuko karibu.

Niliona mwenyewe kwamba yuko karibu. Nikaizima.

Alhamisi, 10 Juni

Mgongo wa Randa unamsumbua, naye kiti chake ni ubao mtupu. Leo nimewahi kufika. Nimechukua sponji ile nzito ya wateja wenye uwezo, na mabaki ya kitambaa cha Mama wa Duka la Dawa, nikakivalisha kile kiti vizuri, mpaka pembeni nikashona uzi mara mbili. Sikumwambia. Isije ikaonekana naomba radhi.

Alipofika akakaa. Akasimama. Akakipindua kiti akatazama chini yake. Akakaa tena, akautazama ukuta kwa muda. Mtu anayefurahia sponji nzuri hukaa namna hiyo.

Mchana akachukua simu akatoka nayo. Akairudisha juu ya stuli, akaenda zake kuchukua mbao, hakurudi tena leo. Simu ikaniambia mwenzangu anaipenda kazi yetu na anatamani tuwe na subira pamoja.

Maneno matamu. Nimeyarudia peke yangu mara kadhaa. Kisha nikaweka subira moyoni, nikachukua stepla, nikavalisha mkono wa kushoto wa kochi, kwa sababu Mama wa Duka la Dawa anakuja kesho asubuhi kulitazama.

Ijumaa, 11 Juni

Mama wa Duka la Dawa amekuja na dada yake. Nikawakaribisha, nikalisifia kochi, yaani nikajisifia. Akakaa upande wa kushoto. Akaegemea. Mkono wa kochi ukatoka mzima mzima, na yeye akaufuata.

Hakupiga kelele. Alibaki sakafuni amekumbatia ule mkono, kama mtu aliyeombwa amshikie jirani mtoto. Aliyecheka ni dada yake.

Randa akatoka nyuma mbio. Bila simu. Akaniita gunia la pamba. Akasema jana alinionya, kwa kinywa chake, kwamba gundi ya mkono wa kushoto bado mbichi, asiuguse mtu mpaka leo jioni, na kwamba mimi nikiugusa atanigundisha ukutani niwe pambo. Nikamwambia gundi sikuambiwa, niliambiwa subira. Akauliza subira ndiyo nini. Tukageuka sote wawili tukaitazama simu. Yenyewe imetulia juu ya stuli yake, haina neno.

Mama akainuka. Akauliza, kwa ile sauti wanayoitumia wauza dawa kwa watu wasiomaliza dozi, nani ametengeneza kitu hiki. Hapo akili yangu ikafanya kazi haraka, kama kawaida yake. Nikasema mimi mbao hata kuzikata sijui. Fremu zote anatengeneza huyu hapa. Kila kochi lililotoka mlango huu, mifupa ni ya huyu, mimi ni wa kuvisha nguo tu. Amuulize yeye.

Nilikuwa namtupia lawama. Nilidhani atanirukia. Randa akasogea karibu. Akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, ili mama asije akasahau wa kumdai. Basi akacheka mpaka akashikilia benchi. Akamwambia mama ni kweli, fremu ni zake, Jumatatu atalikuta kochi zima, na aliyeharibu ni huyu ndama.

Walipoondoka akanieleza. Jumatano alikuwa ameshamkubalia Mwenye Vioo. Si kwa ajili ya mshahara, wala si kwa ajili ya maneno yangu kwa wateja, maana ananijua mdomo wangu. Ni kwa ajili ya kushukuriwa. Alisema mtu aliyekuita kisiki tangu ujana, siku moja akaanza kuthamini mchango wako, huyo anakuaga. Na jana alipokuta kiti kimevalishwa, akajua basi, hiyo ndiyo zawadi ya kwaheri. Alishindwa kufanya kazi, ndiyo maana akaenda kutazama mbao ambazo hatukuzihitaji.

Nikamwambia kile kiti kilikuwa kinanitia aibu mbele ya wateja, ndiyo sababu pekee. Akaniita mwongo na mbuzi wa kukodi. Nikajisikia vizuri mwili mzima.

Jumamosi, 12 Juni

Mkokoteni umekuja, umerudi mtupu. Randa alimtuma msukuma mkokoteni akamwombe Mwenye Vioo radhi, amwambie hawezi kumwacha mgonjwa peke yake. Mgonjwa ni mimi. Wazee wamerudi kutoka kwa fundi viatu. Mmoja amesema alikosa hata hamu ya chai. Randa alinitukania wajomba zangu wote mpaka mchana, nami nikamjibu kwa kadiri ukoo wake ulivyo.

Huu nauhesabu kuwa ushindi wa simu, na wangu mimi niliyebuni njia. Randa anasema bila simu tungepatana Jumanne kabla ya chai. Hana elimu.

Jumapili, 13 Juni

Mama Watoto haniongeleshi. Jana jioni dada zake walikuja, wakasifu chakula. Nikawaeleza kwa urefu jinsi nilivyomfundisha dada yao kupika. Kitu kidogo.

Sikuhangaika. Nikaweka simu mezani, masharti yale yale: iondoe ukali, ifupishe, ibakize upendo. Akaichukua, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Akaiongelesha mpaka sufuria ya maji ikachemka na kukauka. Jirani alikuja kuuliza kama tuko salama. Nikamwambia tunapatanishwa.

Akairudisha mezani. Ikaniambia mke wangu ananitakia mapumziko marefu, na anaamini mabadiliko ya mazingira yatanifaa. Mtu wangu huyo, hana kinyongo. Simu ikaanza tena ule ushauri wake, kwamba niende nikaongee naye mwenyewe, uso kwa uso, na safari hii ikaongeza: bila kuchelewa. Nikaizima.

Nimekuta nguo zangu zote kwenye mfuko karibu na mlango wa mbele. Zimekunjwa vizuri, shati juu ya shati. Tangu tuoane hajawahi kunikunjia nguo namna hii.