Mama wa Kapteni Kurunzi Alikufa Mara Ngapi

Kwa Mhariri Mkuu,
Hollenbeck na Wanawe, Wachapishaji wa Vitabu vya Katuni,
New York.

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikukute wewe yuleyule niliyekuandikia mwezi wa Machi, si mwingine mwenye jina lako, sura mpya na utoto tofauti. Kwenu hilo haliwezi kuchukuliwa kuwa la hakika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Cleveland, Ohio. Nimemsoma Kapteni Kurunzi tangu mwaka 1962, mama yetu aliponinunulia toleo la kwanza katika duka la dawa la Bwana Sobczak, nikiwa na miaka tisa, nimelala na matubwitubwi. Tangu nianze kujitegemea, kila Jumatano matoleo mapya yanapoingia dukani, nami huingia. Kwa hiyo siandiki kama mpita njia. Naandika kwa sababu mmenipotezea ndugu, na nitaeleza kwa mpangilio, jambo ambalo naona limewashinda.

Kwanza. Kapteni Kurunzi nimjuaye mimi hakuruka angani. Alipanda basi. Alisimama kituoni amevaa koti la mvua juu ya vazi lake la kazi, na katika toleo la saba mhalifu alitoroka kwa sababu basi lilichelewa. Leo anazizunguka nyota tatu kabla ya kifungua kinywa. Sijaona ukurasa wowote unaoonyesha alikojifunza. Labda alijifunza siku ya Alhamisi, ambayo mimi sisomi.

Pili. Aliapa kwamba hatampiga mtu aliyekwisha kuanguka. Mwezi wa Februari mwandishi wenu mpya alimfanya amtupe mwizi wa baiskeli kutoka darajani. Mwezi huohuo, katika gazeti lenu jingine, Kapteni huyohuyo alilia kurasa nne kwa kumkanyaga njiwa. Nashauri waandishi hao wawili wakutanishwe walau kwa chakula cha mchana, kwa kuwa wanalea mtoto mmoja.

Tatu. Amekufa mara nne. Kifo cha kwanza nilikwenda kazini nimevaa tai nyeusi. Cha pili nilivaa ya kijivu. Cha tatu nilivaa yenye mistari, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Cha nne kilinikuta nikinywa supu, nami niliimaliza.

Nne. Katika filamu ana ndevu. Katika televisheni ana mbwa anayesema. Mbwa namkubali, ndiye pekee asiyejipinga.

Tano, na hili ndilo lililonikalisha mezani. Mama yake. Katika toleo la kwanza aliungua katika kiwanda cha nguo. Katika toleo la mia na kumi na mbili alizama ziwani. Katika filamu alipigwa risasi na jambazi. Mwaka jana mlitangaza kwamba yu hai, na kwamba jambazi ni yeye.

Sikukuu ya Shukrani ya mwaka juzi tulikuwa kwa dada yetu, Lorraine. Mdogo wangu Emil, ambaye ni mtu wa toleo la mia na kumi na mbili, aliweka uma chini akasema, "Kaka, yule mama alizama. Acha ubishi, kula bata mzinga wako."

Nikamwambia kwamba aliungua, na kwamba asiyejua mwanzo wa jambo asihukumu katikati yake.

"Mzee mzima unang'ang'ania moto wa kuchorwa!"

"Nawe unang'ang'ania maji ya kuchorwa, mdogo wangu, na hujui hata kuogelea."

Emil akachukua koti lake na nusu ya pai ya maboga, akaondoka. Hatujasemezana tangu siku hiyo. Kiangazi hiki alipasuliwa moyo. Habari hiyo niliipata kwa Bwana Gus, muuza katuni, wiki tatu baadaye, alipokuwa akinifungia toleo langu. "Si ndugu yako?" akaniuliza. Nikamwambia naam, ni ndugu yangu.

Niliwaandikia Machi kuomba ukweli. Mlinijibu kwa ukarimu kwamba moto ulitokea katika dunia moja na maji katika dunia nyingine, na kwamba dunia zote mbili ni sahihi. Nilijaribu mbinu yenu nyumbani kwa Lorraine. Nilimweleza kwamba aliyemfukuza Emil kwa maneno si mimi bali Wendell wa dunia nyingine. Akanijibu, "Basi na chakula kiko hukohuko. Nenda kakile."

Kwa hiyo naomba tamko lililotiwa saini na muhuri, likisema kwamba mama wa Kapteni Kurunzi aliungua, tena mara moja tu. Lifike kabla ya Alhamisi ya nne ya Novemba, ambayo ndiyo Sikukuu ya Shukrani. Emil akiliona atakubali, atarudi mezani, nami nitamsamehe. Jambo likishaandikwa kwa mara ya kwanza, hakuna mwenye haki ya kulifuta na kuandika lake juu.

Nisalimie wachoraji, watia rangi, na yule mwandishi wa njiwa. Mwandishi wa daraja naye msalimie. Bado ni kijana, huenda akapona.

Wako katika toleo la kwanza,
Wendell Hruska

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea Lorraine barua hii kwa simu, ili nihakikishe tarehe. Akanikatiza palepale mwanzoni. "Matubwitubwi yalikuwa yangu, Wendell. Na kitabu kilikuwa changu. Nyinyi wawili mlikiiba nikiwa nimevimba mashavu, siwezi hata kupiga kelele."

Nimekitoa kitabu katika mfuko wake wa plastiki, ambao sikuwa nimeufungua tangu mwaka 1979. Ndani ya jalada la nyuma kuna jina lililofutwa kwa raba. Herufi L bado inaonekana, kwa mwandiko wa mama. Juu yake limeandikwa jina langu, kwa mwandiko wa mtoto wa miaka tisa ninayemfahamu vizuri.

Lorraine amekwisha kumpigia Emil. Emil naye amenipigia mimi, akacheka mpaka nikamwambia aangalie moyo wake. Atakuja, kwa sharti moja: niyasome mezani, kwa sauti, majina yote mawili ya jaladani.

Tamko sihitaji tena. Kuhusu madai niliyoyatoa hapo juu, naomba myahesabu kuwa yaliandikwa na mtu wa dunia ile nyingine.