Mudete na Mkia wa Kondoo

Jumatatu, 3 Juni. Bura. Joto.

Mama Sharifo, mwenye ploti, amenipa hadi Jumapili. Mbwa atoke, au nitoke naye. Kosa: Mudete alilamba sufuria ya maziwa. Mama ameisugua kwa mchanga na kuiosha mara saba, maana hapa mate ya mbwa si mchezo. Nimeomba radhi mpaka shingo ikauma. Akasema mimi ni mtoto wake, hana neno na mimi. Neno analo na huyo mwenye ndevu.

Mudete ni teria, mbwa mdogo wa kizungu. Mzungu aliyechimba kisima alimwacha aliporudi kwao. Mfupi, miguu ya stuli, uso wa mzee wa kanisa. Nilimpa jina la soko la kwetu Vihiga. Nikimwita, ni kama nimeshuka stendi ya nyumbani. Kimaragoli anakielewa, nimemfundisha mwenyewe. Hapa Bura sina mwingine wa kuongea naye.

Jumanne, 4 Juni

Dawa imepatikana! Nimeona kwenye simu. Mbwa wafupi kama wangu wanakimbiza kitambaa kinachovutwa kwa kamba, na watu wazima wanapiga makofi na kuwabeba. Mbwa bingwa hafukuzwi ploti.

Abdilatif wa bodaboda amekubali kunisaidia. Tumesimamisha pikipiki kwa stendi yake, tukatoa tairi la nyuma, kamba ikajizungusha kwenye rimu. Akatia moto. Kitambaa kikaruka kama panya. Mudete akakiangalia, akaenda kulala kivulini. Abdilatif akaniuliza kwa upole kama mbwa ana homa.

Jumatano, 5 Juni

Sikufanya kazi vizuri. Mwili ulikuwa saiti kwenye ujenzi, mawazo nyumbani Vihiga.

Baba alikuwa na mbwa wa kuwinda wenye njuga shingoni. Asubuhi ya ukungu tunashuka kwenye yale mawe makubwa, umande umetulowesha hadi magoti. Sungura anachomoka kwenye mihogo, na njuga zinamfuata mpaka bondeni. Baba hakimbii. Anasimama, kofia mkononi, anasikiliza. Kwa njuga tu alijua ni mbwa gani yuko mbele. Sasa huko bondeni wamejenga, na mbwa wote walikufa nikiwa kwenye vibarua vya watu.

Simenti ilinikaukia kwenye karai. Fundi mkuu amenitaja jina langu na la mama yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Kumbe kosa ni kitambaa! Mbwa gani anataka kitambaa? Nimeenda machinjioni, nikapewa mkia wa kondoo, ule mnene wa mafuta. Nikaufunga kwenye kamba. Mudete aliruka kabla Abdilatif hajatia moto. Alikimbia hadi ndevu zikalala nyuma.

Jaldesa, mlinzi wa saiti, alicheka akashika ukuta. Yeye ana mbwa mrefu wa malishoni, amekuja naye kutoka Wajir. Anasema wangu si mbwa, ni brashi ya viatu. Kisha akasema kwao mbwa akionjeshwa mkia wa kondoo hakai tena karibu na watu wenye kondoo. Wivu. Nimemwalika Jumapili alete huyo ngongoti wake washindane.

Jumapili, 9 Juni

Watu walijaa. Hata Mama Sharifo alikuja, akakaa mbali, ameikusanya shuka yake, lakini alikuja. Abdilatif akatia moto. Mkia ukaondoka, mbwa wawili nyuma yake. Mudete mbele! Wallahi mbele! Watu wakapiga kelele, na mimi nikafumba macho kidogo nisikilize. Nilisikia njuga. Mudete hana njuga, lakini nilizisikia.

Nilipofumbua, mkia ulikuwa unaenda peke yake. Dume la kondoo la Mama Sharifo, lililonunuliwa kwa ajili ya Idi, lilikuwa linapita na mkia wake mwenyewe, mzima, wa moto. Mudete alikuwa ameung'ang'ania. Mbwa wa Jaldesa aliacha mashindano, akamng'oa wangu pale kama mtu anavyong'oa kupe. Mudete akatoka na kipande cha mkia mdomoni.

Maalim wa msikiti aliinama, akaangalia, akatikisa kichwa. Mnyama wa Idi hatakiwi awe na kilema. Huyu hafai tena.

Mama Sharifo hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Warya, wewe kijana, hiyo mbwa imekula Idi yangu," alisema. "Sasa wewe chagua. Chumba ama yeye."

Jaldesa aliniambia atampeleka Mudete kwa kaka yake, kwenye ngamia. "Huko hakuna mtu atamfukuza," alisema. Bila kucheka.

Nikamtazama Mudete. Nikamsemesha kwa lugha yetu. Akatikisa mkia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimehama. Tunalala stoo ya simenti hapa saiti, mimi na yeye. Mama Sharifo nitamjengea zizi jipya, bila malipo, na yeye atatafuta dume jingine. Lile lililong'atwa limepona kisu cha Idi. Nilipopita leo lilinitazama vizuri sana. Mji mzima, ni lenyewe tu lisilonikasirikia.

Nimekaa nikafikiria kosa lilikuwa wapi. Si mbwa. Si pikipiki. Ni kondoo! Kesho napitia machinjioni niombe mkia wa mbuzi. Mbuzi hapa wamejaa kila kona, Mudete atakuwa na mazoezi kutwa nzima.